Ati Dawa Ndizo Zilimuua?

Kuna sentensi inazunguka mtaani kuliko matatu. Utaisikia kwa kinyozi, utaisikia matangani, utaisikia kwenye video za watu wenye wafuasi laki mbili: "Alikuwa tu sawa, akaanza hizo dawa, ndani ya mwezi akaenda." Halafu kimya. Mtu anatikisa kichwa, mwingine anasema Mungu ndiye anajua, stori inahamia mpira. Hakuna anayeuliza swali hata moja. Lakini sentensi imeshafanya kazi yake, kwa sababu pale pembeni kuna kijana ambaye wiki iliyopita alijipima kwa kile kifaa cha mate, akaona mistari miwili, na sasa hivi ameamua kliniki hataenda.

Nimechoka na hiyo sentensi, wasee. Leo napigana nayo. Ila niwaambie mapema, sitaipiga kwa kusema ni uongo. Ingekuwa uongo mtupu ingekufa zamani. Inaishi kwa sababu nusu yake ni kweli: kuna watu wanaanza ARV na wanaugua zaidi kuliko walivyokuwa. Wengine wanalazwa. Wachache wanakufa. Na wale waliofaa kutuambia hivyo kabla hatujameza tembe ya kwanza, wenye mabango na fulana na kauli mbiu, walinyamaza ili wasitutishe. Sasa nafasi waliyoiacha imejazwa na wauza chupa za majani. Ugomvi wangu ni na hao wote wawili.

Kabla mtu aniulize digrii yangu iko wapi: niliacha campo mwaka wa pili. Karo iliisha, kusoma hakukuisha. Kitu chochote nitakachosema hapa mpelekee daktari yeyote wa kliniki ya HIV, muulize kama ni kweli. Mimi siuzi kitu.

Haya. HIV inakula seli za kinga zinazoitwa CD4. Mtu asiye na virusi huwa nazo mia tano kwenda juu, kwa kile kipimo cha maabara. Zikishuka chini ya 200, ugonjwa umefika mbali, hata kama unaenda job na unapiga selfi. Zikishuka chini ya 50, mwili uko uchi.

Sasa fikiria ploti ya vyumba ishirini, soja mmoja getini. Soja anaanza kulala kazini. Mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka mzima. Wezi wanaingia mmoja mmoja, wanakaa chumba cha nyuma, wanapika, hawapigi kelele. Kwani wapige kelele ya nini na hakuna anayewafukuza? Ukipita barabarani utasema hiyo ploti ina amani. Wezi wenyewe ni kina TB, kina kriptokokasi, ile fangasi inayopenda kukaa kwenye utando wa ubongo, na vile virusi vinavyoleta mkanda wa jeshi. Wako ndani, wametulia.

Halafu siku moja mtu anamwamsha soja. Soja anaamka, anaingia jikoni, anakuta watu. Rungu inaanza kuruka. Vioo vinavunjika, mlango unang'oka, mtoto wa jirani analia. Asubuhi wapangaji wanasimama uani wanaulizana nani ameharibu ploti, na mtaa mzima unajibu: si ni yule aliyemwamsha soja!

Hiyo vurugu madaktari wanaiita IRIS. Kinga inarudi, inakuta maambukizi yaliyokuwa yamejificha, inayavamia kwa nguvu, na mwili unavimba na kuwaka mahali vita vilipo. Na hapa kuna kitu ambacho wengi wetu hatukufundishwa: homa, tezi kuvimba, maji kujaa kando ya mapafu, nyingi ya dalili hizo hutengenezwa na kinga yenyewe ikipigana. Ndiyo maana mtu asiye na kinga anaweza kubeba TB nyingi mwilini na bado aonekane "tu sawa." Hakuwa sawa. Hakuwa na askari wa kupiga firimbi.

Inatokea kwa njia mbili. Kuna yule aliyejulikana ana TB, anameza dawa za TB, ameanza kupata nafuu, akianza ARV anarudi nyuma ghafla na watu wanachanganyikiwa. Na kuna yule ambaye hakuna aliyejua ana kitu chochote, ARV zinaamsha kinga, na kinga ndiyo inamfichua mgeni. Mara nyingi ni ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na kwa wengi ni wiki chache tu baada ya tembe ya kwanza. Muda huohuo ambao sentensi ya mtaani inautaja. "Ndani ya mwezi." Mtaa umeona vizuri. Mtaa umeelewa vibaya.

Ni wangapi? Mwaka 2010 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya wagonjwa zaidi ya 13,000 kutoka tafiti nyingi za nchi tofauti. Karibu watu 16 katika kila 100 walioanza dawa walipata IRIS ya aina fulani. Kati ya hao waliopata, waliokufa walikuwa chini ya watano katika kila mia. Soma hizo namba tena polepole. Si kitu cha nadra, ni kama mmoja kwa sita. Na si hukumu ya kifo, wengi sana wanavuka. Na hatari haikugawanywa sawa: inawaangukia wale walioanza wakiwa na CD4 za chini kabisa. Ukianza ukiwa na 400, hadithi hii yote huenda isikuguse.

Sasa njoo kwa ile nusu ya uongo, ile inayosema kwa hivyo ni afadhali usianze.

Kambodia, matokeo yakatoka 2011. Watafiti walichukua watu 661 wenye HIV na TB, watu waliokuwa hoi, nusu yao wakiwa na CD4 za 25 kushuka. Wote walianzishwa dawa za TB. Kundi moja likaanza ARV baada ya wiki mbili, la pili likangoja wiki nane. Unajua kilichotokea? Kundi la wiki mbili lilipata IRIS zaidi ya mara mbili ya lile lingine. Kama unafuata hesabu ya kinyozi, hapo basi ndipo maiti zingejaa. Lakini waliokufa katika kundi hilo walikuwa 59 kati ya 332. Waliongoja, wakakaa salama mbali na IRIS, walikufa 90 kati ya 329.

Manze, ukibaki na kitu kimoja kutoka hapa, baki na hicho. Vurugu za soja ziliongezeka na misiba ikapungua. Waliongoja hawakuuawa na dawa, waliuawa na wezi.

Najua kuna mtu amesoma zaidi ataniletea ile ya uti wa mgongo, na ana haki. Ubongo ni hesabu nyingine. Kulikuwa na utafiti Uganda na Afrika Kusini kwa watu 177 wenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi, ukachapishwa 2014. Walioanzishwa ARV ndani ya wiki moja au mbili walikufa asilimia 45 kufikia wiki ya 26. Walioanzishwa baada ya kama wiki tano, asilimia 30. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Si kila kifo pale kilihesabiwa kuwa IRIS, lakini somo lilikaa: fuvu la kichwa halina nafasi ya kuvimba. Tezi ya shingo ikivimba utavaa skafu. Ubongo ukivimba unaenda wapi? Ndiyo maana mtu mwenye kriptokokasi ya ubongo hutibiwa fangasi kwanza na ARV zinangoja wiki nne hadi sita, na mwenye TB ya ubongo pia hangojeshwi kwa mchezo.

Kwa hivyo swali lenye maana ni moja: siku ile unapewa tembe ya kwanza, kuna mtu ameangalia kama ndani mna wezi, na wako chumba gani? Sasa tuanze kugombana vizuri.

Tangu 2016 Kenya inampa dawa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja CD4 zishuke, na mara nyingi siku hiyohiyo. Ni sera nzuri, mimi naitetea. Zamani mtu alikuwa anaambiwa "wewe bado, nenda ukaugue kwanza ndipo urudi," upuuzi ambao uliwazika watu wengi. Lakini sera nzuri ilikuja na uvivu wake. Kwa kuwa CD4 hazikuwa tena tikiti ya kupata dawa, kipimo chenyewe kikaanza kuonekana kama kitu cha ziada. Mwongozo wa Wizara ya Afya bado unasema kipimwe mwanzoni. Unasema pia mwenye CD4 za chini apimwe damu kuangalia kriptokokasi, kwa kijikaratasi kinachotoa jibu kwa kama dakika kumi. Kuna kipimo cha TB cha mkojo kinachochukua chini ya nusu saa. Dakika kumi! Sisi tunangoja chipo kwa muda mrefu kuliko hiyo.

Na hizi hatua zinafanya kazi hapahapa kwetu. Utafiti mmoja mkubwa ulifanywa Kenya, Uganda, Zimbabwe na Malawi, watu 1,805, wote na CD4 chini ya 100. Nusu walipewa ARV na septrin kama kawaida. Nusu nyingine waliongezewa dawa za kuzuia hao wezi mapema: ya fangasi, ya TB, antibayotiki ya siku tano, na dawa ya minyoo. Kufikia wiki ya 24, waliokufa walishuka kutoka asilimia 12.2 hadi 8.9. Ilichapishwa 2017. Hizo si dawa za anga za juu. Dawa ya minyoo hata shosho yako anayo kwa kabati.

Sasa nikuambie ya nyumbani, na mwenyewe ameniruhusu mradi nisitaje jina. Binamu yangu, miaka 24, fundi wa simu. Alikonda mwaka mzima, sisi tukisema ni stress za biashara. Akapimwa hospitali moja ya serikali, akapatikana, akaanzishwa dawa siku hiyo. Maneno aliyopewa ni haya: meza saa tatu usiku, usikose hata siku moja, utakuwa poa. Akakohoa mbele yao, wakamwambia kuna baridi. Akameza. Wiki ya tatu shingo ikavimba, tezi kama limau mbili, homa ya usiku inayolowesha godoro. Yeye si mjinga. Alifanya kile mtu yeyote mwenye akili angefanya na habari alizokuwa nazo: aliambiwa atakuwa poa, akawa mbaya, kitu kipya maishani mwake kilikuwa kimoja tu. Akaacha.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu alipoacha, homa ilishuka.

Bila shaka ilishuka. Soja alikuwa anarudi kulala. Na kuna wakati IRIS inapoa yenyewe baada ya wiki kadhaa hata ukiendelea na dawa. Lakini mathe wake alikuwa amempeleka ocha, na kule alikuwa amepewa mizizi ya kuchemsha. Sasa niambie, kati ya mizizi na biolojia, nani alipata sifa? Familia nzima ikaimba sifa za mizizi. Wiki saba. Wiki saba binamu yangu alikaa na TB bila dawa ya TB na HIV bila dawa ya HIV, akiwa na furaha kwamba amepona sumu ya wazungu. Aliporudi mjini alikuwa hawezi kupanda ngazi.

Aliyemwokoa ni daktari kijana aliyefanya mambo mawili: alimgusa shingo, na akauliza, "Ulianza ARV lini?" Basi. Wakachukua maji ya tezi, TB ikaonekana. Dawa za TB miezi sita, ARV zikarudishwa mapema humo ndani. Leo anatengeneza simu, amenona, ananidai elfu moja. Lakini swali moja lililomwokoa lingeweza kuwa onyo moja kabla ya tembe ya kwanza, na wiki saba hazingepotea.

Nikisema hivi, watu wa afya huniambia: tukiwaambia wagonjwa kwamba wanaweza kuugua zaidi, watakimbia. Kwa heshima zote, dada zangu na kaka zangu, hiyo hoja haisimami, na nyinyi wenyewe ndio mmeibomoa. Mama akileta mtoto chanjo, sista anamwambia nini? "Usiku atapata homa kidogo, usiogope, mpe dawa ya homa, akizidi mrudishe." Na usiku mtoto akichemka, mama anasema aah, aliniambia. Haendi kusema chanjo imeua mtoto. Onyo ndilo lilimtuliza. Sasa mama wa mtoto anaaminika na habari, lakini mimi wa miaka 22 siaminiki? Mnaniona wa kukimbia? Watu hawakimbii wakiambiwa. Wanakimbia wakishtukizwa, wakirudi kichwani kutafuta kile mlichosema, wakikuta "utakuwa poa."

Na kauli mbiu zenyewe, jameni. Kijana anayeng'aa meno kwenye bango, ngozi kama ya tangazo la losheni, ameshika tembe kama ameshika soda. Sikatai, dawa za sasa ni nzuri. Ni tembe moja kwa siku, na ukizimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, huwezi kumwambukiza mtu kwa ngono. Hiyo ni habari ya kushangilia. Lakini bango hilo linaongea na mtu aliyewahi. Yule aliyechelewa, ambaye safari yake itaanza na miezi mitatu ya mtikisiko, hana bango lake. Akiugua anaona amefeli, ama amedanganywa. Wengi watachagua la pili, ni rahisi kuishi nalo.

Sasa nyinyi wenzangu wa kamera.

Najua mnachofanya kwa sababu najua jinsi namba zinavyopanda. Video ya "ARV zilimmaliza rafiki yangu" inapata watazamaji mara kumi ya video ya "pima CD4." Machozi, muziki wa piano, jina la marehemu limefichwa nusu. Halafu kwenye maelezo chini kuna namba ya mtu wa mitishamba. Mnauza jeneza na msumari kwa pamoja. Na mkishikwa mnasema, "mimi natoa tu ushuhuda." Ushuhuda wa nini? Uliona CD4 zake? Alianza akiwa na ngapi? Alikuwa anakohoa tangu lini? Alipoumwa kichwa, alirudishwa hospitali ama alifungiwa nyumbani akiombewa? Kama hujui hata moja kati ya hayo, huna ushuhuda, una maudhui.

Hii si mara ya kwanza. Mwaka 2011, nikiwa mtoto mdogo, nusu ya Afrika Mashariki ilipanda magari kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Shilingi 500 za kwao. Wakenya walivuka mpaka kwa mabasi na wengine kwa ndege. Foleni za magari za kilomita na kilomita. Kati ya walioenda kulikuwa na watu waliokuwa kwenye ARV, na wengine waliziacha wakiamini wamepona. Mzee wa watu alikuwa ametulia, hakuwa na kamera wala kiungo cha kununua. Nyinyi mna kamera na mnatoza zaidi.

Kuna kundi moja linapaswa kusikia hili kwa sauti ya juu, nalo ni nyinyi mliozaliwa na virusi na mko shule za bweni. Hamwandikwi sana, ila mko wengi. Najua ile kazi ya kuficha kopo ili lisitoe sauti kwenye sanduku, na wale wasee wa bweni wanaoangalia kila unachomeza. Najua kuna wale wanaoacha muhula mzima halafu wanaanza tena likizo kwa sababu mathe anahesabu. Sikuja kuwagombeza. Nataka mjue tu kwamba kurudi kwenye dawa baada ya kuacha kwa muda ni kama kuanza upya: kinga ilikuwa imeshuka, sasa inaamka, na IRIS inaweza kuja na wewe ukadhani dawa "zimekukataa." Mwambie wa kliniki ukweli kwamba uliacha, na uliacha kwa muda gani. Akikufokea, afoke. Hiyo habari inabadilisha anachopaswa kukagua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na hawakuwa wanaongelea mahakama.

Hali yenyewe imekuwa ngumu zaidi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi waliokuwa wakiendesha kliniki za HIV hapa Kenya walipoteza kazi: washauri, wale wa kupiga simu ukikosa tarehe yako, wale waliojua jina lako na la mtoto wako. Na sasa huduma za HIV zinaunganishwa na foleni ya kawaida ya wagonjwa wa nje. Kuna wanaofurahia, kwa sababu hakuna tena lile dirisha ambalo ukisimama mtaa mzima unajua. Naelewa. Lakini kwenye foleni ya kawaida, daktari aliyechoka ana dakika tano na wewe. Ukisema "naumwa kichwa," atakuandikia dawa ya malaria ama ya maumivu na aite anayefuata. Zamani yule wa kliniki ya HIV angeunganisha nukta mwenyewe. Sasa wewe ndiye wa kuziunganisha. Sentensi ya kwanza mdomoni mwako, kabla hujakaa kwenye kiti, iwe: "Nilianza ARV wiki tatu zilizopita." Kwa sauti ya chini ni sawa. Andika kwenye simu umwonyeshe kama hutaki kusikika. Lakini isikose.

Na kabla hata ya hapo, siku ya tembe ya kwanza, ongea. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kichwa kinachouma siku baada ya siku, macho kuona ukungu, madoa ya zambarau kwenye ngozi ama mdomoni: sema yote, hata kama unaona aibu, hata kama unaogopa watakuambia ungoje. Kama watakuambia ungoje kwa sababu ya kichwa, watakuwa wanakuokoa. Kisha uliza CD4 zako ni ngapi. Usikubali kuambiwa "ziko chini kidogo." Chini kidogo ni namba gani?

Ukianza na mambo yakichacha, usiache dawa peke yako chumbani. Mara nyingi ARV zinaendelea huku ule ugonjwa uliofichuka ukitibiwa. Kuna wakati daktari ataongeza dawa ya kupoza uvimbe, kama predinisoloni, na imethibitika kusaidia kwenye ile ya TB. Hiyo ni ya daktari, buda. Usiende kwa kemisti ya kona ukanunua vile vidonge vya kunenepesha ukidhani ni kitu kimoja na unajisaidia, kwa sababu kama kilicho ndani ni ile saratani ya madoa, Kaposi, dawa hizo zinaweza kuiwasha zaidi. Na kichwa kikali chenye kutapika ama shingo kukaza hakingoji asubuhi wala pesa za mwisho wa mwezi. Hapo ni kuchukua boda usiku huohuo.

Kwa serikali za kaunti sina maneno mengi. Kipimo cha dakika kumi kikikosekana kwenye droo, hiyo ni bajeti ya mtu fulani, na mtu huyo ana ofisi na mlango. Kwa wizara: mna mabango mengi sana. Chapisheni moja tu la maandishi, bila kijana wa losheni, libandikwe ukutani pale dawa zinapotolewa: ukiugua zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, usiache dawa, rudi leo, si tarehe yako, leo.

Na wale wa kamera, mniandalie. Kila video ya "dawa zilimuua" nitakayokutana nayo, nitaweka swali moja chini yake, lilelile, kila siku, hadi mnizuie: CD4 zake zilikuwa ngapi siku aliyoanza?